Kabla ya kuhukumu
Wadau, juzi nusura mnisome kwenye ukurasa wa tanzia.

Osiloskopu ya zamani aliyoniachia mjomba ilikuwa inawaka vizuri, lakini ikipata joto mstari unavimba, unafifia, unapotea. Nikahukumu: kioo kimekufa.

Mjomba akacheka kwenye simu. "Mwandishi gani anahukumu kabla ya kuuliza?" Volteji kubwa ikishuka, akanieleza, elektroni hupunguza kasi na kupindishwa kirahisi, ndiyo maana mstari unavimba. Nikapima volteji ndogo: zote sawa. Nikazima, nikachomoa waya, nikanyoosha mkono kwenye kapasita.

"Umepima hapo?"

Nikapima. Volti 800 bado zimo!

Nikazimaliza kwa rezista, nikabadilisha kapasita iliyokuwa ikivuja. Saa nzima sasa mstari umetulia.

Kesho naandika habari ya mtu anayetuhumiwa wizi. Nitampigia kwanza.