Shemeji Alipoletwa kwa Mama wa Samaki

Nyie mnaokaa ushuani, mkisikia watu wa Magomeni tunasema "leo nakula kwa mama", msidhani wote tunaishi na mama zetu huku. Tunamaanisha mama wa samaki. Kila mtaa una wake. Wa kwetu anateleka karai lake jioni pembeni ya kibanda cha wakala wa simu, na ikifika saa moja usiku pale pana watu kuliko benki tarehe za mshahara.

Masharti ni machache. Samaki unamchagua kwa macho, siyo kwa vidole, ukimgusa umenunua. Changu na tasi ni wa wenye nazo. Sisi wengine tunamalizana na kibua, ambaye akichanjwa vizuri mbavuni, akapakwa chumvi, ndimu na kitunguu swaumu, kisha akakaushwa kwenye mafuta yaliyochemka sawasawa, unamtafuna mpaka kichwa. Ugali unakuja na kachumbari. Pilipili unajihudumia, na hapo ndipo watu wanapomtia mama hasara.

Zamani wa kubeba alifungwa kwenye gazeti, halafu akatumbukizwa kwenye rambo. Mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku Juni 2019, na gazeti nalo wataalamu wanasema wino wake haufai kugusa chakula. (Najua, msomaji, hata ukurasa huu mwisho wake ni huko huko.) Siku hizi mama anataka uje na bakuli lako.

Wapo wanaolalamika kwamba anapandisha bei ovyo. Mimi nimewahi kumsindikiza Feri alfajiri kumbebea ndoo, kwa hiyo wasinidanganye. Pale samaki wanauzwa kwa mnada, bei inapaa huku unaiangalia. Vibua na dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, samaki hawakusanyiki, na wavuvi wengi wanapumzika. Kusi nalo likivuma bahari inachafuka. Ndoo ikipanda Feri, kibua wako anapungua urefu Magomeni. Bado hujapambana na daladala, ambako kondakta akiona ndoo inadondosha maji, hata umpe nauli mbili hakutaki.

Sasa basi. Mwezi ule nilikuwa nimelipa kodi ya miezi sita kwa mpigo, maana mwenye nyumba wangu hajui hesabu ya mwezi mmoja mmoja. Kaka wa mchumba wangu akapiga simu: "Shemeji, jioni napita kukuona." Kuniona maana yake kunikagua. Kwao ni Mikocheni. Mfukoni nina buku tatu.

Kwenda baa kujitutumua sikutaka. Nikampeleka kwa mama. Akalitazama benchi, akaitazama suruali yake, akakaa. Kibua wa kwanza alimla kwa adabu. Wa pili alivua saa.

Tatizo likawa daftari. Mama ana daftari la mikopo, linaning'inia kwenye msumari, na jina langu liko ukurasa wa juu kabisa. Shemeji kusoma anajua. Akanawa mikono, akasema:

"Mama, huyu bwana unamdai shilingi ngapi?"

Jamani, jasho lililonitoka halikuwa la pilipili.

Mama hata macho hakuyainua kwenye karai. "Elfu nane. Mwezi jana ilikuwa elfu kumi na moja, akalipa tarehe mbili kabla sijamuuliza. Wanaonikimbia nawajua, baba, wanazunguka njia ya nyuma. Huyu anapita hapa hapa kila siku, ananiamkia."

Shemeji akanyamaza. Halafu akaagiza changu watatu wa kupeleka nyumbani. Bakuli hana, na pesa taslimu hazitoshi. Mama akamwazima bakuli lake la bluu, akachukua kalamu.

"Nikuandike?"

"Niandike, mama."

Jumapili bakuli likarudi na pesa ndani yake. Aliyelileta hakuwa shemeji. Alikuwa mama mkwe mtarajiwa mwenyewe, kashuka kwenye bajaji, anauliza samaki wa kona ni wapi. Waliongea wawili pale kama nusu saa, mimi nimekaa chumbani nachungulia dirishani.

Barua ya posa nataka kuipeleka mwisho wa mwezi huu. Mama wa samaki anasema nisogeze mbele wiki moja, mwezi upungue, bei ya Feri ishuke.