Shilingi ya Waziri

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Dodoma hujaa. Vyumba vya kulala hupanda bei, na asubuhi magari ya waheshimiwa, watendaji wa wizara na wageni wa majimboni hupanga foleni kuelekea bungeni. Nilikaguliwa getini, nikaacha simu, nikapanda jukwaa la wageni. Saa tatu kamili siwa ikatangulia, Spika akafuata, dua ikasomwa.

Maswali yakaanza. Mbunge wa jimbo la vijijini alisimama kuulizia mahakama ya mwanzo: wananchi wa tarafa yake hulala njiani kufuata kesi ya shamba au mirathi. Naibu Waziri akajibu kuwa ujenzi utafanyika kadiri fedha zitakavyopatikana. Jibu hilo kila mfuatiliaji wa Bunge analijua. Mbunge akatumia maswali yake ya nyongeza kuuliza mwaka gani, na fungu gani. Jirani yangu, mzee wa kofia ya kushonwa aliyekuja na msafara wa jimbo hilo, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mahakama ndiyo iliyomleta.

Nilitaka kuona zaidi ile saa ya jioni ambapo Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi. Spika huitwa Mwenyekiti, na makadirio ya wizara hupitiwa kifungu kwa kifungu. Ukifika mshahara wa Waziri, wabunge huinuka kudai ufafanuzi. Asiyeridhika hutangaza kushika shilingi, yaani hutoa hoja kwamba mshahara huo upunguzwe kwa shilingi moja. Wenzake wanaomuunga mkono husimama, mjadala huwaka, Waziri hutoa ahadi, na mara nyingi shilingi hurudishwa. Wapo wanaouona mchezo wa kuigiza. Mimi nauona kuwa ndio wakati ambapo Waziri hawezi kukwepa swali, na ahadi yake inaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge.

Nguvu hiyo inahitajika kabla ya siku ya mwisho. Bajeti nzima, ambayo kwa mwaka 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49, hupigiwa kura kwa kila mbunge kuitwa jina. Lakini Ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kulivunja Bunge likiikataa. Nani atasema hapana huku kiti chake kikiwa rehani?

Ndivyo ilivyo pia kwa mambo ya nje. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ya nchi inayohitaji kuridhiwa. Jumamosi ya tarehe 10 Juni 2023, makubaliano ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari yaliwasilishwa, yakajadiliwa na kuridhiwa siku hiyo hiyo. Mjadala mkubwa zaidi ulifuata nje ya ukumbi, mitaani na mahakamani, kwa miezi kadhaa. Mkataba wa namna hiyo ulistahili kusomwa na kuulizwa maswali kwa wiki kadhaa kabla ya wabunge kusema ndiyo.

Kasoro kubwa kuliko zote iko kwenye kalenda. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) huwekwa mezani Aprili, ikiwa imetaja waliopoteza fedha na namna walivyozipoteza. Lakini kwa kawaida taarifa za kamati za hesabu kuhusu ripoti hiyo hujadiliwa Novemba, wakati halmashauri na wizara zile zile zimekwisha kupewa fedha mpya. Bunge lina uwezo wa kubana: mwaka 2014 kamati ya hesabu ilipowasilisha taarifa ya fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, Mwanasheria Mkuu alijiuzulu na Waziri wa Ardhi akaondolewa.

Basi waheshimiwa, ijadilini ripoti ya CAG kabla ya kupitisha bajeti, angalau sura zinazohusu wizara iliyo mbele yenu siku hiyo. Nanyi wapiga kura, mbunge wenu akirudi jimboni mwulizeni alishika shilingi ya nani, na aliirudisha kwa ahadi gani.