Maandamano ya Kale Mjini Siena

Mji wa Siena, nchini Italia, hufanya mashindano ya farasi yaitwayo Palio kila mwaka tarehe 2 Julai na 16 Agosti. Mbio zenyewe huzunguka uwanja wa Campo mara 3 tu. Sisi tulipozihudhuria, tulivutiwa zaidi na maandamano yanayozitangulia.

Vijana wa mitaa 17 hupita kwa zamu wakiwa na mavazi ya kale, wakipiga ngoma na kurusha bendera juu. Kila mtaa una alama yake: konokono, kobe, hata twiga. Mitaa 6 iliyokwisha kufutwa nayo haikusahauliwa. Huwakilishwa na wapanda farasi waliofunika nyuso. Mwishoni huja gari la maksai lililobeba bendera ya hariri ya mshindi, kama kumbukumbu ya jamhuri yao iliyosalimu amri mwaka 1555.

Watalii walijaa, lakini maandamano hayo si yao. Ni ya mitaa yenyewe, ambayo hupokea watoto kwa ubatizo kwenye chemchemi zake na kuwafundisha ngoma na bendera.

Kwetu, ngoma nyingi hungoja mgeni wa heshima. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na ilikuwa hatua njema. Hata hivyo, wizara haiwezi kumfundisha kila mtoto mapigo ya ngoma ya babu yake. Kazi hiyo ni ya wazee, walimu na vijana wa kila kijiji, nayo hufanywa hata siku ambayo hakuna mgeni.