Dar Inavyovaa na Kuvua: Wiki Nane Ndani ya Kampuni ya Matangazo

Mgeni akiulizwa Dar es Salaam ina rangi gani, atasema buluu, kwa kuwa kaiona bahari. Aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya matangazo atakurudishia swali: unasema mwaka gani? Jiji hili linavaa na kuvua, jamani! Celtel iligeuka Zain tarehe 1 Agosti 2008. Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Vodacom ikahama kutoka buluu kwenda nyekundu mwaka 2011, na Tigo ikavua jina mwaka 2024, sasa inaitwa Yas. Kila jina jipya linakuja na kopo lake la rangi. Mwenye duka anapigiwa ukuta bure, mradi nembo ya kampuni ikae katikati na jina la duka lake libanwe kona. Kwangua kibanda chochote cha vocha cha siku nyingi kwa ncha ya funguo, utaisoma historia tabaka kwa tabaka.

Mimi niliingia jijini Julai ile ya 2008 kutoka mkoani, mwanafunzi wa usanifu wa michoro, mkononi barua ya chuo yenye muhuri: wiki nane za mafunzo kwa vitendo. Wenyewe tunaita fildi. Twende pamoja, msomaji, nikuoneshe Dar ambayo vitabu vya watalii huwa vinairuka.

TANDIKA HADI MIKOCHENI

Nilifikia kwa shangazi, Tandika. Ofisi ilikuwa Mikocheni. Katikati hapo kuna Dar nzima! Mabasi ya mwendokasi yalikuwa hayajaja bado, yalianza 2016, kwa hiyo ni daladala moja hadi Kariakoo, halafu nyingine ya Mwenge. Magomeni, Kinondoni, Morocco, Victoria, Makumbusho, Sayansi. Unashuka Bamaga shati limekunjamana, unamalizia kwa miguu.

Lakini hiyo daladala ndiyo darasa la kwanza. Tazama ile mistari ya rangi ubavuni: inakwambia gari linatoka wapi na linakwenda wapi. Bibi asiyejua kusoma, mwenye kapu la nyanya kichwani, analitambua gari lake toka mbali na hakosei. Halafu geuka usome kioo cha nyuma: dua, kijembe, jina la timu, salamu kwa mchumba aliyeondoka. Maneno matatu manne, yamekwisha. Anayefuata nyuma ameyasoma kabla taa hazijaruhusu.

Tatizo ni nauli. Mara nne kwa siku, siku tano kwa wiki, na kampuni hailipi hata senti. "Si unajifunza?" ndilo jibu nililopewa. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi 2005, huwapa wanufaika wake fedha za mafunzo kwa vitendo. Asiye na mkopo ana shangazi. Na asiye na shangazi mjini? Huyo barua yake inabaki kwenye begi.

NYUMBA YENYE KIYOYOZI

Kampuni ilikuwa kwenye nyumba ya kuishi iliyogeuzwa ofisi, ukuta mrefu, maua getini, ndani baridi kama jokofu. Kazi inatembea hivi. Kuna anayekutana na mteja na kuleta maelezo ya kazi. Kuna mwandishi wa maneno. Kuna msanifu anayepanga picha na maandishi. Kisha kuna wa fildi, anayetumwa chapati, anatoa fotokopi, na jioni anakata picha za chupa kutoka kwenye usuli wake mpaka macho yanauma.

Usidharau hiyo kazi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kioo cha kompyuta kinadanganya. Kinachanganya mwanga wa nyekundu, kijani na buluu, wakati mashine ya kuchapa inachanganya wino: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kijani kinachowaka kwenye kioo kinaweza kutoka kimefifia kama jani la juzi. Nilijua pia kwamba ukurasa wa gazeti la rangi kama hili unahitaji picha ya nukta 300 kwa inchi, ila bango la barabarani linaridhika na chache zaidi, kwa sababu hakuna anayelisoma kwa kuligusa na pua.

Kilichonishangaza ni maegesho. Wakubwa wote walikuja na magari yao, vioo juu. Wakibishana ukubwa wa herufi, walikuwa wanabuni mtu anayeitwa "mlaji wa kawaida". Mimi huyo mlaji nilikuwa nimetoka kusimama naye saa nzima, kiwiko chake kikiwa ubavuni mwangu.

SOMO LA MTAA WA UHURU

Wiki ya tatu mwandishi wa maneno, kaka mmoja mpole, aliniambia: "Kesho usije huku. Nenda Kariakoo ukasome kanga."

Nikaenda Mtaa wa Uhuru, maduka yamepangana, doti zimening'inia hadi barazani. Angalia kanga kwa jicho la kazi, utaona mpangilio ambao vyuo vinafundisha muhula mzima. Pindo linazunguka pande zote kama fremu. Mji uko katikati, umebeba pambo kubwa. Jina limekaa chini, mstari mmoja, herufi kubwa. Nilisimama pale nikihesabu wateja. Wengi walishika kitambaa, wakakigeuza, macho yakaenda moja kwa moja kwenye jina. Mmoja alimwambia muuzaji, "Rangi nimeipenda, ila maneno haya nikivaa wifi atasema namsema yeye." Akachukua nyingine, rangi hakuipenda sana, maneno salama.

Hilo ndilo tangazo, wapenzi. Linavaliwa, linapita uani kwa jirani, linafikisha ujumbe na mwenyewe hajafungua mdomo.

Ukiwa na nafasi, fika pia Morogoro Stores, Oysterbay. Hapo Edward Saidi Tingatinga alianza kuuza picha zake mwishoni mwa miaka ya 1960, amezichora kwa rangi za kung'aa za baiskeli kwenye mbao za bei rahisi. Alifariki 1972, lakini wachoraji wa mtindo wake wako pale hadi leo. Chui wake unamtambua ukiwa upande wa pili wa barabara. Nembo ngapi za kampuni kubwa zinaweza hilo?

USO WA YULE DADA

Sasa tuongee jambo zito kidogo. Wiki ya tano ilikuja kazi ya mafuta ya kujipaka. Picha ilikuwa imeshapigwa: dada mmoja, maji ya kunde, anacheka na meno yote. Maelekezo ya mteja yalikuwa neno moja: "Mng'arisheni." Kwenye kompyuta ni jambo la kusogeza mkono tu. Nikasogeza. Wakati huohuo yule dada akaingia kusaini malipo yake, akapita nyuma ya kiti changu, akasimama.

"Mdogo wangu, huyu nani?"

"Ni wewe, dada."

Alicheka kidogo, akasema, "Haya," akaondoka na bahasha yake. Ile "haya" sikuipenda.

Kule Tandika nililala chumba kimoja na binti wa shangazi, kidato cha tatu. Chini ya kitanda alikuwa na kopo lisilo na lebo. Mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Zebaki inadhuru figo, na haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha ngozi na madoa meusi. Kazi ya kuvidhibiti ilikuwa ya TFDA, na tangu 2019 ni ya Shirika la Viwango, TBS. Ila mtoto wa shule hasomi sheria. Anasoma mabango, asubuhi na jioni, kutoka dirishani.

Nikachapa nakala mbili, moja ya uso ulivyo, nyingine ya uso uliong'arishwa. Mchana nikavuka barabara kwa mama lishe, nikazibandika kwenye mti mbele ya wateja wake.

"Shikamoo mama. Ungekuwa wewe, ungenunua ya yupi?"

"Marahaba, mwanangu." Akafuta mikono. "Huyu mweupe kaumwa? Mpe pole. Mimi nachukua ya huyu, anaonekana kala akashiba."

Fundi baiskeli akamchagua huyohuyo. Binti mmoja akamchagua mweupe, na nililiandika hilo pia, kwani ukweli ni ukweli. Jioni nikampelekea bosi majibu yote. Alinyamaza, akasema, "Wewe wa fildi una makuu." Kesho yake akazibeba nakala zote mbili kwa mteja.

Unadhani tulishinda? Mteja alichagua ya katikati. Si yule dada kamili, wala si yule wa kioo.

Bango lilipowekwa, nilipita nalo Kinondoni na binti wa shangazi dirishani. Akalitazama muda mrefu. "Dada, huyu kafanana na mama," akasema. Kopo lilibaki chini ya kitanda, sitakudanganya. Lakini usiku ule aliuliza maswali ambayo alikuwa hajawahi kuuliza, na tukaongea mpaka shangazi akagonga ukuta.

KABLA HUJAPANGA BEGI

Kampuni zinapenda kusema zinatafuta vijana wanaoujua mtaa. Sawa. Vijana hao wako Tandika, Mbagala, Manzese na Gongo la Mboto, na wanahitaji nauli ya kufika Mikocheni. Fildi isiyo na nauli inachagua wenye nyumba karibu na wazazi wenye magari, halafu wote kwa pamoja wanakaa kwenye kiyoyozi wakimbuni mlaji wa kawaida. Nauli ya mwanafunzi mmoja kwa wiki nane haifiki gharama ya bango moja. Wenye kampuni, lifikirieni hilo.

Na wewe mwanafunzi unayesubiri barua, omba mapema, uliza nauli bila aibu, beba daftari. Siti ya dirishani ikipatikana, ikalie. Wenzako wanalala njia nzima, wewe soma kuta, mistari ya daladala na majina ya kanga zinazopita. Ukifika ofisini, utakuwa umeshaonana na mteja wa kweli kabla bosi hajafungua geti.

Safari njema, na kazi kwako!