Ndoo ya Tanga na Chuma cha Glasgow

Chuma kitumiwacho na wanaume katika mashindano ya kunyanyua uzito, kabla hakijatiwa sahani hata moja, kina kilo 20, na cha wanawake kina kilo 15. Na ndoo ya lita 20 ikijaa maji, ile ambayo binti wa Tanga huanza kujitwika kabla hajamaliza shule ya msingi, ina kilo 20 na ushei. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiingia katika jimu za huku Glasgow, akamwona mwanamke wa makamo amejaa fahari kwa kuinua kile ambacho nyumbani ni safari moja tu ya bombani, ana haki ya kustaajabu, na hata kutabasamu kidogo.

Lakini mwanamke mmoja wa namna hiyo, mwalimu ambaye sasa ni sahibu yangu, alinieleza kwamba tangu aanze kubeba vyuma, ile hofu iliyokuwa ikimfunga ulimi mbele ya mkuu wake wa kazi imempungua, hata hutoa rai yake kikaoni bila ya sauti kumtetemeka. Mama zetu wamebeba uzito uo huo umri wao wote, na wamo miongoni mwao ambao hadi leo huinamisha macho mbele ya karani wa serikali ya mtaa. Imekuwaje basi mzigo mmoja umpe huyu ujasiri, na yule umpe maumivu ya shingo tu?

Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika mwaka 1977 kwamba katika mambo yampayo mtu imani juu ya uwezo wake, lenye nguvu zaidi ni kufaulu kulitenda jambo yeye mwenyewe. Na hapo ndipo ndoo na chuma hupambanukana, kwa kuwa ndoo haikui. Ni lita 20 leo, na ni lita 20 hata binti awe bibi, wala hakuna aliyemuuliza kama anataka kuibeba. Ilhali mwalimu yule, akisha kuuzoea uzito wa jana, huongeza kipande cha kilo 1.25 kila upande, na katika daftari lake lililochakaa kwa jasho na chaki, tarehe kushoto na uzito kulia, nafsi yake ikimtilia shaka huijibu kwa maandishi. Kadhalika chuma chake kimo baina ya nguzo zenye vizuizi, hivyo siku miguu ikigoma hukiachia kikatua hapo, akapumua, akajaribu tena. Lakini binti akiangusha ndoo, maji yamekwenda, zamu imempita, na karipio linamngoja nyumbani.

Si kwamba kwetu hakuna wabeba vyuma. Wapo vijana wanaopiga tizi uani, kwa bomba lililotiwa makopo ya rangi yenye zege huku na huku, na aghalabu kopo moja huwa limezidi jingine, hata mnyanyuaji hujifunza kusogeza mkono kidogo kuelekea upande mzito kabla ya kuvuta pumzi. Uzito wake hakuna aujuaye. Waliomzunguka humhesabia kwa sauti moja na kumtania akikwama, na ujasiri wake, kwa kadiri nionavyo, umo vinywani mwao: wakiondoka, huondoka nao.

Hata hivyo tusiwapunje watu wa nyumbani haki yao. Pale bombani hakuna aachwaye ajitwike peke yake. Husema tu “nitwishe”, na mwenziwe, hata kama hawasemezani tangu Idi iliyopita, hushika ukingo wa pili wa ndoo. Huku watu wameziba masikio kwa muziki, na mtu aweza kumaliza msimu mzima wa baridi akinyanyua ubavuni mwa jirani asiyemjua jina.

Ningependa dada zangu wa Tanga wapate yote mawili, na gharama yake si kubwa. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege hukaribia kilo 10, na muuza nafaka ana mizani ya kulipimia. Ndoo ya mchanga huongezwa kibaba kila wiki. Daftari la shule latosha. Wanawake watatu wanne, uani penye ukuta, baada ya sala ya alasiri, watatwishana na kuandikiana. Waume wakiuliza ni nani atakayepika saa hizo, mchele wanajua ulipo.