Gari la Nyuma

Shangazi amestaafu uuguzi huko Texas. Yeye na Anko wamenunua RV, ile nyumba ya magurudumu yenye kitanda, jiko na choo, wazunguke Marekani. Sasa wanabishana: wavute gari dogo nyuma ama wasivute?

Anko hataki. Atachoma mafuta zaidi, na itabidi anunue vyuma vya kuvutia na breki za ziada. Tena kurudi rivasi na gari nyuma haiwezekani. Ukikosa pa kugeuzia, mnashuka, mnafungua vyuma, kila gari linarudi kivyake. Na si kila gari huvutwa magurudumu manne yakiwa chini. Mengine giaboksi itakufa. Jeep Wrangler inaweza, lakini si ya bei ya kutupa.

Shangazi ana swali moja. Wakishaegesha, wakachomeka stima na mfereji wa maji, nani atachomoa vyote juu ya pakiti ya maziwa? Halafu anashusha sauti: Anko ana presha. Akizidiwa usiku porini huko Utah, atamkimbiza hospitali na nini? Hilo dude la mita kumi hajawahi kuliendesha.

Wamenipigia Nairobi niamue. Mimi niko na Shangazi. Safari ni ya wawili, lakini ufunguo uko kwa mfuko wa mmoja, na huyo ndiye mgonjwa. Kama gari dogo ni ghali, sawa. Basi Anko amfundishe kuendesha lile kubwa kabla hawajatoka Texas.