Nani Anamla Konokono?



Likizo kubwa ya mwaka jana tulimpeleka mtoto wetu wa tatu kwa bibi yake, kijijini kando ya mto Luapula, upande wa Kasenga. Hapa Katuba watoto wanabanwa ndani ya parsela. Kule kuna mto na hadithi za jioni. Tulimbebea bibi sukari, sabuni, na vyandarua viwili vya mbu.

Alirudi mnene. Kabla ya Noeli akaanza kukojoa damu. Alificha, ni dada yake aliyemwona nyuma ya nyumba. Kwenye kituo cha afya waliomba mkojo wa saa sita mchana, kwa kuwa saa hizo mayai ya mdudu yanaonekana vizuri zaidi. Jibu: bilharzia, ile wengine wanaita kichocho. Wakampima kimo, wakampa vidonge vya praziquantel, akapona.

Aibu ilibaki kwetu. Kila mwaka tunaandika ubaoni: mdudu anakulia ndani ya konokono wa maji, anatoka, anapenya ngozi ya anayeoga. Konokono tunamchora vizuri. Hatukuwahi kuuliza nani anamla.

Yuko anayemla. Katika maji ya Luapula, Mweru na Bangweulu kuna samaki ambaye wataalamu wanamwita Sargochromis mellandi, ndugu wa tilapia. Kooni ana meno mafupi na manene, kama mawe ya kusagia. Gamba la konokono linavunjikia pale. Miaka ya 1950, mji wetu ukiitwa bado Elisabethville, wataalamu walimweka katika mabwawa ya kufugia samaki hapa Katanga. Ukichimba bwawa jipya, konokono wanalivamia, na bilharzia inafuata. Pamoja naye wakaweka tilapia anayekula majani, maana konokono anataga na kujificha kwenye majani. Konokono hawakuisha, lakini walipungua sana.

Kwingine walileta mgeni. Mwaka 1970 ziwa Naivasha, kule Kenya, liliingiziwa kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani, kwa ajili ya biashara. Konokono wanawala kweli, ila walifyeka na majani ya ziwa. Fisi maji, mwenyeji wa Kenya, anawawinda, lakini hajawamaliza. (Wanafunzi wetu walicheka sana jina la fisi maji.)

Habari ya ziwa Malawi ndiyo iliyotuuma. Tangu miaka ya 1980 bilharzia iliongezeka kwenye fukwe zilizodhaniwa salama, na watafiti waliona kwamba samaki wala konokono walikuwa wamevuliwa kupita kiasi karibu na ufuko, mahali watu wanapooga.

Kwa nini ituume sisi wa Katuba? Kwa sababu bibi alitupigia simu kwa furaha: shemeji ameshona vyandarua vyetu viwili kuwa wavu mmoja, anauvuta pale pale watoto wanapoogelea. Tundu la chandarua halipitishi kitu. Linazoa samaki wa urefu wa kidole, na yule mvunja konokono kabla meno yake hayajakomaa. Konokono anabaki kwenye majani.

Hatusemi zawadi yetu ndiyo iliyomletea mtoto ugonjwa. Bilharzia ilikuwa Luapula kabla yetu. Lakini usiku tunaufikiria ule wavu.

Wakati wa Pasaka tulimwambia shemeji. Hakukasirika. Aliuliza tu: “Mama Mwalimu, wavu wa matundu makubwa ni bei gani? Na leo watoto wale bukari na nini?” Hatukuwa na jibu, maana na sisi, mwezi ukikauka, tunanunua soko la Kenya vifungu vile vile vya samaki wadogo.

Zamu yetu ya likelemba ni mwezi wa sita. Tumeshauliza bei ya wavu, ni kubwa. Mtoto naye anauliza kama mwezi wa saba atarudi kwa bibi. Bado hatujamjibu.